Mmea gani unatibu chunusi? Jibu kwa bibi harusi mtarajiwa wa Ngamiani

*Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 23, naishi Ngamiani hapa Tanga. Chunusi zilinianza nikiwa sekondari, ila mwaka huu zimezidi mashavuni na kidevuni, na kila inayopona inaacha doa jeusi. Nyumbani kwetu hatupendi makemikali. Nimeoshea majani ya mwarobaini, nimepaka ndimu na asali, nimepaka manjano, na usiku napaka mafuta ya nazi. Kuna mtu sokoni aliniuzia dawa ya miti shamba kwenye kikopo. Ndani ya wiki moja uso ukawa mlaini na mweupe, lakini kikopo kilipoisha vipele vikarudi vingi kuliko mwanzo. Naolewa baada ya miezi minne na bibi anataka kunisinga. Naomba uniambie, ni mmea gani hasa unaotibu chunusi?*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa posa. Umeuliza mmea, lakini nitaanza na kikopo, maana katika barua yako yote hicho ndicho kilichonishtua.

Hakuna jani, mzizi wala gome ninalolijua linaloufanya uso wenye chunusi uwe mlaini na mweupe kwa wiki moja. Kinachofanya hivyo ni krimu za steroidi, dawa za jamii ya homoni, hasa zile ambazo kwenye boksi husomeka clobetasol au betamethasone. Ni dawa halali kabisa kwa pumu ya ngozi na maradhi mengine, kwa cheti cha daktari na kwa muda mfupi. Zinazima uvimbe haraka, zinabana vimishipa vya damu, zinapausha rangi, na anayepaka anaamini amepona. Ukiziacha, uvimbe unarudi kwa kishindo. Ukiendelea nazo kwa miezi, zenyewe zinazaa chunusi: vipele vidogo vidogo vingi, vyote vya ukubwa mmoja. Ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinaanza kuonekana, na malaika ya mashavuni yanaongezeka. Mimi kikopo chako sijakiona, lakini mwendo uliousimulia, kupona ghafla na kurudi kwa nguvu, ni mwendo wa steroidi. Wachanganyaji wanajua wateja wa mji huu wanapenda neno asilia, kwa hiyo wanasaga krimu ya dukani na unga wa majani, wanatia harufu ya karafuu, basi.

Na neno hilo asilia lisikutulize. Mkonge uliletwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Ile miche 62 iliyosalimika safarini ndiyo iliyozaa mashamba yote tuliyoyakuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi wa Uingereza waligundua kwamba maji ya mkonge, yale yanayotupwa baada ya kuchuna nyuzi, yana kitu kiitwacho hekojenini. Kampuni ya Glaxo ikakifanya malighafi ya kutengenezea dawa za steroidi, betamethasone ikiwemo. Yaani krimu inayoharibu nyuso za mabinti wa Tanga ina ukoo na mmea uliotujengea mji. Mtu akikwambia "hii imetoka kwenye mmea", bado hajakwambia kama inafaa au inadhuru. Muulize ndani yake kuna kitu gani, kiasi gani, na kimebebwa na nini. Mimi nitapita kwenye vitu vyako vyote kwa maswali hayo matatu.

Kuhusu kikopo: usinunue kingine, hata uso ukiwaka. Wewe umetumia kimoja usoni tu, kwa hiyo kuacha hakuna hatari, ila tegemea wiki kadhaa za tabu kabla ngozi haijatulia. Aliyepaka mwili mzima kwa miezi mingi hali yake ni nyingine, huyo asiache ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu steroidi ikiingia mwilini kwa wingi huzilaza tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo. Kikopo kitupu usikitupe, kichukue siku utakayokwenda hospitali. Baadhi ya michanganyiko hii hutiwa pia haidrokwinoni au zebaki, na zebaki hula figo. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango, na dawa zinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kitu kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo wala tarehe ya kwisha muda hakijapita kwa yeyote kati yao. Na kama unataka tiba ya asili yenyewe, wako waganga waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mimi siwabezi. Mkoa huu watumishi wa hospitali na waganga wa jadi walianza kukaa meza moja tangu miaka ya 1990, na Muhimbili ina taasisi nzima ya kuchunguza dawa za asili. Mganga wa kweli hakuuzii kitu asichotaka kukitaja.

Sasa chunusi yenyewe. Kila kinyweleo cha uso kina tezi ndogo ya mafuta pembeni yake. Ukibalehe, homoni za kiume, ambazo hata sisi wanawake tunazo, zinaiamrisha tezi itoe mafuta zaidi. Seli zilizokufa zinashikamana mdomoni mwa kinyweleo na kufanya kizibo. Kizibo kikiwa wazi juu kinageuka cheusi, na ule weusi ni rangi ya ngozi yako mwenyewe, si uchafu, kwa hiyo kuusugua kwa dodoki hakuuondoi. Kikiwa kimefungwa, bakteria anayeitwa Cutibacterium acnes anastawi ndani, mwili unamshambulia, na hapo ndipo unapopata uvimbe na usaha. Uvimbe ukiisha, ngozi yetu nyeusi inabaki na rangi iliyomwagika pale pale. Hilo ndilo doa lako. Si kovu, litafifia kwa miezi, lakini kila unapominya na kila unapokaa juani bila kinga unalitia wino upya.

Kizibo huanza kujijenga wiki nyingi kabla hujakiona kwenye kioo. Ndiyo maana dawa ya chunusi hupimwa kwa wiki 8 hadi 12. Chochote kinachodai siku saba, mkimbie muuzaji.

Nazi iko kila nyumba ya pwani na imejaa utata, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi lauriki, na mwaka 2009 watafiti wa California walionyesha kwamba asidi hiyo inamuua bakteria wa chunusi, katika maabara na kwenye panya. Watu wakasoma nusu ya habari wakarukia chupa. Lakini ndani ya mafuta ya nazi asidi hiyo haiko huru, imefungwa pamoja na gliserini, na inayobeba yote hayo ni mafuta mazito yanayokaa juu ya kinyweleo ambacho tayari kimeziba. Katika vipimo vya zamani vilivyofanywa kwenye masikio ya sungura, mafuta ya nazi yalikuwa miongoni mwa yanayoziba sana. Binadamu si sungura, na wapo wanaopaka wasidhurike. Wewe una chunusi. Yaache.

Na si usoni tu. Ukipaka kichwani, yanateremka usiku kwenye paji la uso na kwenye foronya, kisha foronya inayapeleka mashavuni. Tazama ukingo wa ndani wa ushungi wako mwishoni mwa siku: kama kuna mstari wa mafuta pale unapogusa paji la uso na kidevu, umeshapata sehemu ya jibu. Paka nywele kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, acha vidole viwili kutoka mwanzo wa nywele, na foronya na ushungi vifuliwe mara kwa mara. Nimeona paji la uso likisafika kwa hilo peke yake.

Kuna na vipele vingine vinavyojifanya chunusi. Ni vidogo, vinafanana, vinawasha, viko paji la uso, kifuani na mgongoni, na hutakuta vile vizibo vyeusi katikati yake. Hivyo husababishwa na hamira ya ngozi iitwayo Malassezia, inayopenda joto la unyevunyevu kama letu na inayolishwa na mafuta. Dawa yake ni ya fangasi, si ya chunusi, na mafuta ya nazi yanaikoleza. Vyako viko mashavuni na kidevuni na umesema vinaacha madoa, kwa hiyo nadhani ni chunusi hasa, lakini kama vya paji la uso vinawasha, mwambie daktari.

Mwarobaini. Mti huu ulitoka India ukazoea kwetu hadi tukausahau kuwa mgeni. Majani na mbegu zake zina nimbidini na wenzake, ambavyo katika maabara hutuliza uvimbe na kuzuia baadhi ya bakteria. Shida ni kiasi: majani ya mti wa uani kwako na ya mti wa jirani hayana nguvu sawa, na maji unayochemsha hubeba sehemu ndogo tu ya vitu hivyo kwa sababu vingi haviyeyuki vizuri majini. Majaribio ya mwarobaini kwa watu wenye chunusi ni machache na madogo. Kuoshea maji yake yaliyopoa sikukatazi. Usitegemee yatibu, na usiyaache yakalala siku tatu kwenye ndoo kisha ukaoshea. Mafuta ya mbegu zake ni habari nyingine kabisa: kuna watoto walionyweshwa wakapata degedege na ini likaharibika. Yasinywewe, na wewe unayekwenda kuanza familia usinywe hata majani kwa wingi.

Ndimu, hapana. Tena hapana kubwa. Maji ya ndimu ni makali sana kwa ngozi, asidi yake imeizidi ya ngozi kwa mbali. Na ganda lake lina vitu viitwavyo furanokumarini ambavyo vikikutana na jua huunguza ngozi. Watazame wanaokamua ndimu na machungwa ya Muheza barabarani mchana kutwa. Wengine mikononi wana michirizi myeusi iliyofuata njia ya maji yalipotiririka. Michirizi hiyo ni kuungua, na hukaa wiki hadi miezi. Sasa mtu ana madoa, anapaka ndimu asubuhi ili ayatoe, anakwenda sokoni juani. Anayaongeza kwa mkono wake.

Asali haina ubaya, ila haina kazi pia. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand waliwapa watu wenye chunusi asali ya mti wa kanuka wapake juu ya sabuni ya kuua bakteria, wakawalinganisha na waliotumia sabuni peke yake. Hakukuwa na tofauti ya maana. Manjano nayo ina kurkumini, kituliza uvimbe kizuri kwenye bakuli la maabara, lakini haiyeyuki majini na haipenyi ngozi kirahisi. Unachopata zaidi ni kidevu cha njano na kola iliyoharibika. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza, na nimeona malengelenge yake. Karafuu na mdalasini vina eujenoli na sinamaldihaidi, vyote viwili vinajulikana kwa kuwasha ngozi na kuizoesha mzio. Utomvu wa papai bichi vivyo hivyo. Vibaki jikoni.

Shubiri ndiyo ninayoikubali zaidi kati ya mimea ya uani, ila watu wengi wanaikosea pale pale kwenye kisu. Ukikata jani, chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano unaochuruzika na kunuka uchungu. Huo una aloini, unawasha ngozi na ukinywewa unaharisha. Kata jani, lisimamishe kwenye glasi upande uliokatwa ukiwa chini mpaka njano iache kutoka, menya ganda, suuza ule ute kwa maji safi, ndipo upake. Ute wa siku hiyo hiyo, uliobaki utupe. Peke yake hauzibui kizibo wala hauui bakteria kwa kiasi cha kutegemewa, lakini unatuliza. Watafiti wa Iran mwaka 2014 waliwapa wagonjwa krimu ya tretinoini, dawa kali ya kuzibua, nusu yao wakaongezewa jeli ya shubiri. Baada ya wiki 8 waliochanganya walikuwa na chunusi chache zaidi na ngozi haikuwa nyekundu sana. Kwa hiyo ni msaidizi mzuri, mwajiri awe mwingine.

Nimekunyang'anya mengi, sasa nikupe. Viko vitu vya mimea vilivyopimwa kwa watu, kwa kiasi kinachojulikana, vikaonekana kufanya kazi. Tena vingi havikutoka uani kwetu.

Cha kwanza ni mafuta ya tea tree, mti wa Australia, usichanganye na chai yetu ya Usambara. Kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa terpineni-4-oli. Mwaka 1990, huko huko Australia, watu 124 waligawanywa, wengine wakapewa jeli ya mafuta hayo ya asilimia 5, wengine benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, ya asilimia 5. Wote walipata nafuu. Tea tree ilichelewa kuanza kufanya kazi, lakini iliwakausha na kuwawasha watu wachache zaidi. Angalia tena ile asilimia 5. Chupa ndogo inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi mara nyingi ni mafuta matupu, asilimia 100, na nimewapokea mabinti waliojipaka hivyo wakachubuka. Nunua jeli iliyokwisha kuchanganywa. Na chupa iliyofunguliwa zamani ikakaa kwenye joto la Tanga inaharibika kimyakimya: mafuta yakiungana na hewa ndipo yanapoanza kuleta mzio. Yasinywewe kabisa.

Chai ya kijani ina katekini, na iliyo kuu inaitwa EGCG. Hupunguza mafuta ya ngozi na uvimbe, na watafiti wa Korea Kusini mwaka 2013 waliipaka kwenye nyuso za wenye chunusi kwa wiki 8, zikapungua. Lakini ilikuwa imetengwa na kupimwa, asilimia 1 na asilimia 5. Majani yaliyotumika ukayaweka usoni hayakupi hiyo, na chai nyeusi tunayokunywa sehemu kubwa ya katekini zake imeshabadilika wakati wa kuchachushwa kiwandani. Unywe kwa raha yako. Vidonge vya dondoo la chai ya kijani vya kupunguza unene usivishike, vimewahi kuumiza maini.

Asidi salisiliki ilianza kwenye gome la mti wa Ulaya uitwao willow, siku hizi inatengenezwa kiwandani. Uzuri wake ni kwamba inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia ndani ya kinyweleo na kulegeza kizibo. Asilimia 0.5 hadi 2, sabuni au losheni. Kwa vizibo vyeusi na vyeupe ni nzuri, kwa vyenye usaha peke yake haitoshi.

Kisha kuna asidi azelaiki, na hapa ndipo ninapotaka usimame. Ipo kwenye ngano na shayiri, na ipo kwenye ngozi za watu, kwa sababu ile hamira ya Malassezia niliyokutajia hutengeneza kitu hicho hicho. Unawajua watu wenye mba wa ngozi, yale mabaka meupe ya shingoni na kifuani? Watafiti wa Italia katika miaka ya 1970 walikuwa wakitafuta kwa nini mabaka yale hupoteza rangi, wakaifikia asidi hii, na ikaja kuonekana kwamba inatibu chunusi pia. Inazuia bakteria, inalegeza kizibo, inatuliza uvimbe, na juu ya yote hayo inazituliza seli zinazotoa rangi kupita kiasi. Yaani chunusi na doa kwa mkupuo mmoja, bila kuupausha uso mzima kama mkorogo. Krimu ni asilimia 20, jeli asilimia 15. Wiki za mwanzo inawasha na kuchomachoma, hiyo ni kawaida ikiwa haizidi. Kwa binti mwenye ngozi yetu, mwenye madoa, anayeolewa karibuni, hii ndiyo ningempa hata angekuwa wa kwangu. Inayouzwa imetengenezwa kiwandani. Molekuli ni ile ile ya kwenye shayiri, tofauti ni kwamba hii imepimwa. Huwezi kuipata kwa kupaka uji wa ngano.

Si kila famasia ya Tanga itakuwa nayo, na inapopatikana si rahisi kwa bei. Ukiikosa, chukua benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Hiyo haina mmea ndani yake, sitakudanganya, lakini ina miongo mingi ya kazi, bakteria hawaizoei kama wanavyozoea viuavijasumu, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Itakukausha kidogo, na itapausha kitambaa chochote chenye rangi. Buibui jeusi hutoka na mabaka ya kahawia shingoni, kanga huharibika kabisa, kwa hiyo ipake usiku, lalia foronya nyeupe, na asubuhi nawa vizuri kabla hujajifunga ushungi.

Kwa hiyo, mwanangu, miezi yako minne iende hivi. Wiki mbili za kwanza usipake dawa yoyote, uso upumzike kutoka kwenye kikopo. Nawa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, dodoki likae bafuni kwa mwili. Ngozi ikiwaka paka ute wa shubiri uliosuuzwa. Wiki hizo hizo jaribu asidi azelaiki nyuma ya sikio, kidogo kila usiku kwa siku saba. Kusipokuwa na malengelenge wala muwasho mkali, wiki ya tatu anza usoni usiku mmoja na kuruka mmoja. Kiasi cha njegere moja kwa uso mzima. Paka uso mzima, si kwenye chunusi tu, maana unazuia vizibo ambavyo bado huvioni. Ngozi ikizoea, kila usiku, kisha asubuhi na usiku. Asubuhi malizia na krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi isiyo na mafuta mazito, na mwavuli ukitembea mchana. Bila kinga ya jua, madoa yatakaa hapo hapo hata dawa iwe ya dhahabu.

Kuminya uache. Najua ni vigumu.

Chakula nitakipita haraka. Karanga na pilipili zinasingiziwa bure. Vyenye ushahidi kidogo ni vitu vinavyopandisha sukari ya damu kwa kasi na, kwa baadhi ya watu, maziwa. Kama chai yako ina vijiko vinne vya sukari na unaisindikiza na vitumbua kila asubuhi, punguza uone.

Bibi naye asikasirike. Mwambie mwili akusinge kama mila inavyotaka, lakini uso auache, au auguse kwa liwa peke yake iliyosuguliwa juu ya jiwe la msio kwa maji safi, ipakwe kwa kiganja bila kusugua, kisha isuuzwe. Singo yenye karafuu, mdalasini au ganda la ndimu isipande juu ya shingo. Liwa ya unga iliyokwisha kufungwa kwenye vipakiti vya sokoni nina wasiwasi nayo kwa sababu ile ile ya kikopo, bora kipande cha mti chenyewe. Na kama kuna chunusi mbichi yenye usaha siku hizo, hata liwa iruke sehemu hiyo. Mpambaji wa harusi mwambie mapema asilete kitu kipya usoni kwako wiki ya mwisho, awe amekijaribu kwako mwezi mmoja kabla.

Ukiona vinundu vigumu vya ndani vinavyouma, au mashimo yanaanza kubaki mashavuni, usisubiri wiki 12, nenda hospitali ya Bombo uombe kuonana na daktari wa ngozi au uelekezwe kwake, kwa sababu hiyo inahitaji dawa za kumeza na makovu hayarudi nyuma. Nenda pia kama siku zako za hedhi zinaruka miezi na ndevu zinaota kidevuni pamoja na chunusi. Hapo huenda homoni ndizo zinazosumbua na krimu haitazifikia.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu unaolewa. Kuna dawa nzuri ya kuzibua iitwayo adapalini, famasia wanaweza kukupa badala ya azelaiki. Inafaa, lakini ni ya jamii ya vitamini A, na jamii hiyo hatuitumii kwa mwanamke anayetafuta mtoto. Kama ndiyo uliyoipata, iache kabla ya harusi. Asidi azelaiki unaweza kuendelea nayo hata ukipata ujauzito, mradi mkunga wa kliniki umwambie unapaka nini.